Gopichand au Park Joo-bong: ukitundika raketi, ufuate njia ya nani?

Ukiwa mchezaji wa mpira wa vinyoya (badminton) na miaka thelathini inakubishia hodi, watu huanza kukuuliza utafanya nini baadaye, na jibu unalo kabla hawajamaliza kuuliza: ukocha. Hakuna kingine unachokijua vizuri kama hicho. Ugumu uko kwenye swali la pili, lile wasilokuuliza. Ukocha wa wapi, na ndani ya ukumbi wa nani?

Nimewachukua watu wawili wa kukusaidia kulijibu. Wa kwanza ni Pullela Gopichand, Mhindi, kocha mkuu wa taifa lake tangu 2006. Wa pili ni Park Joo-bong, Mkorea Kusini aliyeifundisha Japani kwa takribani miaka 20, kuanzia mwishoni mwa 2004 hadi Olimpiki ya Paris 2024. Wote wawili walikuwa mabingwa kabla ya kuitwa makocha. Wote wawili walikabidhiwa timu ambazo wakubwa wa mchezo huu, China, Indonesia, Korea na Denmark, hawakuwa na sababu ya kuziogopa, wakazifikisha kwenye fainali za dunia. Ila mmoja alijenga nyumba yake, mwingine akasaini mkataba kwenye nyumba ya watu. Tofauti nyingi utakazozisoma hapa chini zimezaliwa hapo.

Walivyocheza wenyewe

Kwa kuhesabu vikombe hakuna shindano. Park, aliyezaliwa 1964, alikuwa mfalme wa mchezo wa wawili wawili. Barcelona 1992, mpira wa vinyoya ulipoingia rasmi kwenye Olimpiki, yeye na Kim Moon-soo walichukua dhahabu ya wanaume. Ubingwa wa dunia anao mara tano: miwili ya wanaume wawili wawili, mitatu ya mchanganyiko wa mwanamume na mwanamke. Baada ya Barcelona aliacha kucheza, kisha akarudi kwa ajili ya Atlanta 1996, safari hii na Ra Kyung-min, akaondoka na fedha. Waliomfunga kwenye fainali walikuwa Wakorea wenzake, Kim Dong-moon na Gil Young-ah. Yaani hata aliposhindwa, kambi yake ilikuwa imeshinda.

Gopichand, aliyezaliwa 1973, ana kikombe kikubwa kimoja. Lakini ni kikombe gani! Mashindano ya All England, Birmingham, Machi 2001. Nusu fainali alimtoa Peter Gade wa Denmark, mtu aliyekuwa juu kabisa ya orodha ya ubora wakati huo. Fainali akamfunga Chen Hong wa China 15-12, 15-6, enzi zile ambapo hupati pointi mpaka uwe wewe uliyeanzisha mpira. Mhindi wa mwisho kushinda kabla yake alikuwa Prakash Padukone, 1980. Na Gopichand alifanya hivyo akiwa na goti lililopasuliwa na madaktari zaidi ya mara moja, kwa sababu mwaka 1994 alikuwa ameumia vibaya kiasi kwamba kurudi uwanjani kulikuwa bahati nasibu.

Unaposoma wasifu wa makocha, usitishwe na idadi ya medali. Tazama aina ya mchezo waliocheza, kwa maana kocha hupeleka macho yake kule alikozoea kuangalia. Park wa wawili wawili aliiachia Japani jozi za wanawake zilizotawala dunia: Misaki Matsutomo na Ayaka Takahashi, Yuki Fukushima na Sayaka Hirota, kisha Mayu Matsumoto na Wakana Nagahara waliotwaa ubingwa wa dunia 2018 na 2019. Kuna kipindi Japani ilikuwa na jozi nyingi za kiwango cha juu kuliko nafasi za kushiriki. Gopichand wa mmoja mmoja aliiachia India Saina Nehwal, P.V. Sindhu, Parupalli Kashyap, Kidambi Srikanth, Sai Praneeth, H.S. Prannoy. Wote wa mmoja mmoja. Jwala Gutta, bingwa wa wawili wawili aliyechukua shaba ya dunia 2011 akiwa na Ashwini Ponnappa, alilalamika hadharani kwa miaka kwamba mchezo wao uliachwa pembeni. Kwa hiyo kabla hujachagua njia, jiulize wewe ulikuwa unacheza nini, na nchi inayokuita inakosa nini.

Ukumbi ni wa nani

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Baada ya ushindi wa Birmingham, Gopichand alikuwa na njia rahisi ya kupata fedha: matangazo. Kampuni ya soda ilimtaka, akakataa, akisema hawezi kuwauzia watoto kinywaji ambacho yeye mwenyewe hanywi. Mwaka 2003 serikali ya jimbo la Andhra Pradesh ilimpa kwa mkataba wa kukodi ekari tano za ardhi huko Gachibowli, pembezoni mwa Hyderabad. Ardhi bila jengo si ukumbi. Akaweka nyumba ya familia rehani. Mfanyabiashara Nimmagadda Prasad akachangia rupia milioni 50. Akademi ikafunguliwa 2008, ikiwa na viwanja vinane.

Tuseme kidogo kuhusu viwanja vinane maana yake nini. Uwanja mmoja wa vinyoya una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1. Huwezi kuuweka nje kama wa mpira wa wavu, kwa sababu upepo kidogo tu unakibeba kinyoya kinakotaka. Unahitaji kuta, paa la juu, sakafu ya mbao yenye mkeka wa mpira juu yake, na taa zisizomwagika machoni. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki, anayefundisha mchezo huu anaujua uchungu: ukumbi unakodishwa kwa saa, na Jumamosi kuna harusi. Mtu mwenye viwanja vinane vyake mwenyewe hahitaji kumuomba mtu ufunguo.

Na kwa kuwa hakuomba ufunguo, Gopichand aliweza kufungua mlango kabla ya alfajiri. Hayo ndiyo masaa aliyowazoesha wachezaji wake. Ramana, baba yake Sindhu, mchezaji wa zamani wa mpira wa wavu wa timu ya taifa, alimwendesha binti yake makumi ya kilomita kila siku akiwa bado mdogo ili awahi mazoezi ya alfajiri. Kabla ya Rio 2016, Gopichand alimnyang'anya Sindhu simu kwa miezi mitatu na kumpiga marufuku aiskrimu. Simu ilirudishwa medali ilipopatikana. Kocha gani wa kuajiriwa, mwenye mkataba wa miaka minne na mwenyekiti wa chama juu yake, angethubutu kumnyang'anya simu nyota wa taifa? Hilo linafanywa na mwenye nyumba.

Sasa vuka bahari. Park alipofika Japani baada ya Athens 2004, ambako Wajapani walirudi mikono mitupu, hakukabidhiwa hata uwanja mmoja. Japani mchezaji mzuri ni mwajiriwa wa kampuni. Kampuni inamlipa mshahara, ina kocha wake, ina ukumbi wake, na inataka ashinde ligi ya makampuni kwanza. Timu ya taifa ilikuwa jina kwenye fulana zaidi kuliko kikundi cha watu: wanakutana karibu na mashindano, wanacheza, kila mmoja anarudi kwa mwajiri wake. Kocha wa taifa wa aina hiyo ni kama mpishi wa shughuli anayekuta wali umeshapikwa majumbani kwa watu, yeye kazi yake kupakua.

Park alichofanya hakikuwa na mbwembwe. Aliziomba kampuni ziwaachie wachezaji kwa muda mrefu zaidi. Akajifunza Kijapani ili asizungumze kupitia mdomo wa mtu. Kituo cha taifa cha mazoezi kilipofunguliwa Tokyo mwaka 2008, akapata kwa mara ya kwanza mahali pa kuwakusanya, na kambi za pamoja zikawa utaratibu badala ya tukio. Jozi ambazo zamani zingekutana kwenye fainali za ndani tu zikaanza kupigana kila wiki, mazoezini, mbele ya macho yake. Kwa kocha wa wawili wawili hiyo ni nusu ya kazi, maana jozi haijengwi kwa kukimbia peke yako asubuhi. Inajengwa kwa kupigwa na jozi nyingine nzuri mara mia mpaka mkono ujue mwenzako yuko wapi bila kugeuka.

Kwa hiyo mmoja alianza na ukumbi, akawatafuta wachezaji wa kuujaza. Mwingine alianza na wachezaji wa watu wengine, akatafuta ukumbi wa kuwaweka pamoja. Gopichand alikuwa akipigana na benki. Park alikuwa akipigana na ratiba.

Ilichukua muda gani

Wanaotaka matokeo ya haraka wasome hapa polepole. Medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki ya India katika mchezo huu na ya kwanza kabisa ya Japani zilipatikana kwenye mashindano yale yale: London 2012. Saina Nehwal shaba kwa India, Mizuki Fujii na Reika Kakiiwa fedha kwa Japani. Gopichand alikuwa kwenye kiti cha taifa kwa miaka sita, Park minane. Njia mbili zisizofanana hata kidogo, na tofauti ya muda haifiki hata Olimpiki moja. Mwenyekiti wa chama akikuambia anataka medali ndani ya miaka miwili, muulize ameiona wapi.

Na medali zenyewe, tuwe wakweli, zina bahati ndani yake. Saina alipata shaba kwa sababu Wang Xin wa China, baada ya kushinda seti ya kwanza, aliumia goti akashindwa kuendelea. Miaka minne baadaye, Rio, Nozomi Okuhara wa Japani alipewa shaba bila kucheza kwa sababu Li Xuerui alikuwa ameumia goti kwenye nusu fainali. Ukitaka kuandika historia ya mchezo huu, iandike kwa magoti. Gopichand mwenyewe goti. Hirota aliingia Olimpiki ya Tokyo akiwa amefunga bamba kwenye goti, na matumaini ya Japani yakachechemea pamoja naye.

Baada ya London milango ilifunguka pande zote mbili, ila haikufunguka sawasawa. Japani ilichukua Kombe la Thomas, lile la timu za taifa za wanaume, 2014 jijini New Delhi, kwa kuifunga Malaysia 3-2. Rio 2016 Matsutomo na Takahashi wakachukua dhahabu, na walivyoichukua kunasimuliwa hadi leo: seti ya tatu walikuwa nyuma 16-19 dhidi ya Wadenmark Christinna Pedersen na Kamilla Rytter Juhl, wakapata pointi tano mfululizo. 2018 wakaja na Kombe la Uber, lile la timu za wanawake, la kwanza kwa Japani baada ya miaka mingi sana. Kento Momota alikuwa bingwa wa dunia 2018 na 2019, Akane Yamaguchi 2021 na 2022. Huo ni upana: karibu kila aina ya mchezo ina mtu.

India ilipata vilele zaidi kuliko upana. Fedha ya Sindhu Rio. Srikanth kushinda mataji manne ya Super Series, mfululizo wa mashindano makubwa ya kimataifa, ndani ya 2017 na kufika namba moja duniani Aprili 2018. Dhahabu ya dunia ya Sindhu 2019. Kisha, 2022 mjini Bangkok, Kombe la Thomas kwa mara ya kwanza, kwa kuwafunga Indonesia 3-0, ushindi ambao hata Wahindi wenyewe hawakuutarajia.

Walipokutana wavuni

Makocha hawachezi wao kwa wao, lakini Sindhu na Okuhara walicheza kwa niaba yao. Rio 2016, nusu fainali, Sindhu 21-19, 21-10. Glasgow, Agosti 2017, fainali ya dunia, Okuhara 21-19, 20-22, 22-20, dakika 110. Kuna mzunguko mmoja wa mapigo 73 katika mechi ile. Nimeutazama mara nyingi na bado mwishoni nashika kiti. Basel 2019, fainali ya dunia tena, Sindhu 21-7, 21-7.

Ukizitazama mechi hizo tatu mfululizo unaona mazoezi mawili tofauti. Okuhara ni mfupi, haachi kinyoya kianguke, anarudisha mpaka mwenzake achoke kufikiri. Ni mtoto wa kambi yenye wenzake kumi wanaorudisha vivyo hivyo. Sindhu ni mrefu, anashindilia kutoka juu, na siku mkono ukikubali hakuna kambi inayotosha kumzuia. Basel mkono ulikubali. Lakini Glasgow, mwishoni mwa dakika zile 110, wingi wa mazoezi ya pamoja ulionekana kwenye miguu.

Wanacholipa

Nyumba yako mwenyewe ina gharama ambayo haimo kwenye ramani ya ujenzi. Gopichand alikuwa kocha mkuu wa taifa na papo hapo mwenye akademi ambako wachezaji wa taifa walifanya mazoezi. Nani anachagua timu? Na yule anayefanya mazoezi Bangalore au mji mwingine ana nafasi sawa? Maswali hayo ya mgongano wa maslahi yalimfuata miaka yote, na hayakuisha binti yake Gayatri alipoanza kuchezea taifa kwenye wawili wawili. Simhukumu. Gayatri na Treesa Jolly walifika nusu fainali ya All England 2022 na 2023, na hiyo haipatikani kwa jina la baba. Ila ukijenga ukumbi wako na kukubali kazi ya taifa, jiandae kulijibu swali hilo kwenye kila uteuzi, hata ule ulio wazi kama jua la saa sita.

Halafu kuna kuondoka kwa wachezaji. Saina alihama 2014 kwenda Bangalore kwa kocha Vimal Kumar, na Gopichand baadaye alieleza wazi jinsi lilivyomuuma. Alirudi 2017, lakini maji yakishamwagika unachota tope pia. Sindhu naye akahamishia mazoezi yake kwenye uwanja wa ndani wa Gachibowli, jirani tu na pale alipolelewa, na shaba yake ya Olimpiki ya Tokyo aliipata akiwa na kocha Mkorea, Park Tae-sang. Mchezaji akihama nyumba yako, mji mzima unajua.

Hapo Park alikuwa na amani ambayo Gopichand hakuipata. Wachezaji hawakuwa wake tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyemwacha. Lakini kisicho chako huwezi kukilinda pia. Aprili 2016, miezi minne kabla ya Rio, Momota alikutwa na kashfa ya kucheza kamari kwenye kasino haramu. Chama cha Japani kilimfungia, na Park akaenda Olimpiki bila mchezaji wake bora wa kiume. Uamuzi haukuwa wake. Miaka mitano baadaye, kwenye Olimpiki ya nyumbani Tokyo, Japani iliyotarajiwa kuzoa dhahabu ilipata shaba moja tu, ya Yuta Watanabe na Arisa Higashino. Momota alitolewa kwenye hatua ya makundi na Heo Kwang-hee, Mkorea. Hebu fikiri: wewe ni Mkorea unayeifundisha Japani, Olimpiki iko Tokyo, na tegemeo lako linatolewa na Mkorea. Hilo halimo kwenye mkataba wowote, lakini ni sehemu ya mshahara.

Kuna njia ya tatu, ya Li Yongbo wa China, na nitaipita haraka kwa sababu wengi wetu haituhusu. Bingwa wa zamani wa wawili wawili, kocha mkuu kuanzia 1993 hadi 2017, ukumbi ni wa dola, wachezaji ni wa dola, na kocha ni dola pia. London 2012 walichukua dhahabu zote tano. Kwenye mashindano yale yale jozi yao ya Wang Xiaoli na Yu Yang ilifukuzwa pamoja na nyingine tatu kwa kucheza ili washindwe makusudi, na Li akaomba radhi. Kama dola yako haina mpango huo, usiote njia hii.

Basi uchague nini

Nenda njia ya Gopichand kama una ardhi au mtu wa kukupa, kama jina lako bado lina moto (yeye alipewa ardhi miaka miwili baada ya Birmingham, angesubiri kumi sijui kama wangemkumbuka), na kama familia yako iko tayari kuishi na mkopo. Mkewe, P.V.V. Lakshmi, alikuwa mchezaji wa Olimpiki mwenyewe. Hakuhitaji kuelezwa kwa nini nyumba inawekwa rehani kwa ajili ya wavu na mistari. Kama mwenza wako atahitaji kuelezwa, mweleze kwanza. Njia hii inafaa nchi ambayo haina chochote, maana hakuna wa kukuzuia. Inafaa pia mtu anayeweza kuwa mwalimu, meneja, fundi bomba na mlinzi kwa siku moja.

Lakini usidhani mwenye nyumba anajitosheleza. India ya Gopichand ilijaa wageni: Mulyo Handoyo wa Indonesia alikuwapo Srikanth alipowika 2017, Tan Kim Her wa Malaysia alishika wawili wawili, Kim Ji-hyun wa Korea alikuwa na Sindhu mwaka wa Basel, Mathias Boe wa Denmark akaja na jozi ya Satwiksairaj na Chirag. Ukijenga, panga na chumba cha mgeni.

Na sikiliza mwenye njia mwenyewe. Mapema 2025 Gopichand aliwashauri wazazi wasiwaingize watoto kwenye michezo kama kazi ikiwa familia haina uwezo wa fedha, kwa kuwa wanaofika ni wachache na waliobaki hawana pa kuangukia. Watu walimshambulia. Mimi nilimwelewa: kwa kila Sindhu mmoja amewaona mamia waliotoka mlango uleule bila medali wala cheti cha shule.

Njia ya Park chagua ikiwa nchi yako ina makocha wengi kuliko nafasi, kama ulitoka kwenye mfumo unaoweza kuusimulia kwa vitendo, na kama una subira ya kuomba. Kabla ya Japani, Park alifundisha Uingereza na Malaysia. Hakuingia Tokyo akiwa mgeni wa ugenini. Kwenye mkataba, usianze na mshahara. Anza na siku: wachezaji watakuwa mikononi mwako siku ngapi kwa mwaka, na nani anaweza kuwaita warudi? Ukumbi ni wenu au wa kukodi? Na vinyoya ni vya nani? Usicheke. Vile vya manyoya ya bata vinakatika, mazoezi ya siku moja ya timu nzima yanamaliza boksi kwa boksi, na nimeona kambi ikisimama kwa sababu hiyo. Jifunze lugha yao mwaka wa kwanza. Ukishindwa kumkaripia mchezaji bila mkalimani, wewe ni mtalii mwenye filimbi.

Kwa kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayeniuliza mimi, ningesema aanze kama Park na amalizie kama Gopichand: achukue kazi kwa watu, ajifunze kambi inavyoendeshwa kwa fedha za wengine, halafu arudi ajenge hata viwanja viwili. Kinyume chake ni kigumu. Mwenye mkopo wa ukumbi hawezi kwenda Malaysia miaka mitatu kujifunza.

Park naye amerudi kwao. Baada ya Paris aliachana na Japani, na Aprili 2025 akawa kocha mkuu wa Korea Kusini, akiwa na miaka 60, kwenye timu ambayo nyota wake An Se-young alikuwa ametoka kukilalamikia chama hadharani mara tu baada ya kuvaa dhahabu ya Olimpiki. Agosti mwaka huohuo, kwenye ubingwa wa dunia uliofanyika Paris, Wakorea Kim Won-ho na Seo Seung-jae walichukua dhahabu ya wanaume wawili wawili, mchezo uleule alioucheza yeye na Kim Moon-soo. An Se-young aliishia nusu fainali. Dhahabu ya wanawake ikaenda kwa Akane Yamaguchi, wa Japani.